Kijana wangu anataka kuingia katika siasa kwa ajili ya fedha: nimjibu nini?

Mwalimu Mstaafu, Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Naandika maneno haya baada ya kuyaweka moyoni kwa wiki tatu. Mwanangu wa tatu, aliyemaliza chuo mwaka jana na ambaye mpaka leo hajapata kazi, alinifuata barazani baada ya sala ya isha akaniambia kuwa ameamua kujiunga na umoja wa vijana wa chama, na kwamba baada ya miaka kumi anatarajia kuwa Mwakilishi, na ikishindikana basi awe diwani. Nilifurahi kwa muda mfupi. Nilipomuuliza ni jambo gani katika shehia yetu linalomkera hata akataka kulisimamia, alikaa kimya, kisha akanijibu kwa utulivu: "Baba, wewe umesomesha miaka thelathini na sita na nyumba yetu haijapigwa plasta mpaka leo. Mwakilishi wetu alikaa mitano tu." Hakusema kwa ufidhuli. Alikuwa akinieleza hesabu aliyoipiga, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilianza kusomesha mwaka 1983. Wakati ule kiongozi akija skulini tulimwita Ndugu, awe katibu wa tawi au awe waziri, na yeye alituita Ndugu. Sidai kwamba neno moja humfanya mtu kuwa mwema, kwani wapo akina Ndugu waliotudhulumu. Lakini neno lile lilimkumbusha kila siku kwamba yeye na mvuvi wa Kojani ni watu wa daraja moja. Leo hata diwani ambaye jana tulicheza naye bao ni Mheshimiwa, na usipomwita hivyo mbele za watu unaonekana wewe ndiye uliyekosa adabu.

Linaloniuma zaidi ni jambo la skuli yetu. Wazazi walichanga fedha za msimu wa karafuu, kila nyumba kwa uwezo wake, na wasio na mikarafuu wakatoa mchanga, mawe na nguvu zao, tukanyanyua madarasa mawili hadi kwenye linta. Utaratibu tuliouzoea ni kwamba wananchi wakifika hapo, Serikali hupaua na kumalizia. Mgombea akaja, akasimama mbele ya kuta zile, akaahidi mbele ya masheikh na wazee kwamba kabla ya mwaka kwisha mabati yatakuwa juu. Akachaguliwa. Ulipokuja uchaguzi uliofuata, mgombea mwingine akasimama pale pale, akaahidi yale yale, na yeye pia akachaguliwa. Leo ndani ya darasa moja umeota mpapai, nao umeshazaa, na watoto wa darasa la tatu wanasoma kwa zamu, wanarudi nyumbani jua likizama.

Silalamikii wanasiasa peke yao. Huyo wa pili alipokuja aligawa kanga na kilo tano tano za mchele, na waliomshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale wale waliotoa fedha zao za karafuu kwa ajili ya kuta zile. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono kuuliza mabati ya yule wa kwanza yako wapi. Mimi pia sikuuliza, na nilikuwa nimekaa safu ya mbele.

Wazee wetu walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Basi swali langu ni hili: ni lini, na kwa njia gani, uongozi ulitoka kuwa amana ukawa mradi wa mtu kujijenga, na nimwambie nini kijana ambaye ameyaona haya yote kwa macho yake? Naomba msinijibu kwa kutaja chama hiki au kile, kwa sababu wagombea wawili niliowaeleza walitoka vyama viwili tofauti.

Bint Kikwajuni

Wa alaykum salaam, Maalim. Nimesomea sheria, na kwa sehemu ya swali lako inayouliza "lini" ninao mwaka wa kukutajia.

Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi iliyoeleweka hata na mtu asiyejua kusoma: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lilikuwa azimio la TANU, na sisi huku tulikuwa na ASP, lakini vyama viwili vilipoungana tarehe 5 Februari 1977 masharti hayo yalihamia katika CCM, na kwa hivyo yakawagusa viongozi wa Visiwani pia. Kisha Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama ilikutana hapa Unguja na kuilegeza miiko hiyo, kiongozi akaruhusiwa kununua hisa, kupangisha nyumba na kuwa na kipato kingine. Uamuzi ule uliitwa Azimio la Zanzibar, na kila ninapolisikia jina hilo huona uchungu kwamba jina la visiwa vyetu ndilo lililobandikwa juu yake. Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, aliulalamikia hadharani.

Sitaki kuwaonea waliokutana siku ile. Mishahara ya wakati ule ilikuwa haitoshi hata kwa nusu ya mwezi, biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na wengi walikuwa tayari wanamiliki mali kwa majina ya wake zao na shemeji zao, kwa hivyo miiko ilikuwa imebaki kwenye karatasi. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba uzio ulivunjwa kabla ya kujengwa mwingine. Upande wa Muungano sheria ya maadili ya viongozi wa umma ilikuja mwaka 1995. Kwetu Zanzibar sheria iliyounda mamlaka ya kuzuia rushwa, ZAECA, ni ya mwaka 2012, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ni ya mwaka 2015. Tangu 1991 hadi 2015 ni miaka ishirini na minne. Katika muda huo kizazi kizima cha viongozi kilijifunza kazi bila ya kuambiwa kwa maandishi kipi ni chake na kipi ni cha watu, na tabia iliyokomaa kwa miaka ishirini na minne haitoki kwa kujaza fomu ya mali na madeni ambayo wewe na mimi hatuisomi.

Kuhusu kanga na mchele, naomba mlitazame neno takrima. Katika nyumba zetu takrima ni heshima anayopewa mgeni: mkeka safi, kahawa, haluwa, maneno mazuri. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Muungano ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo mwaka 2006. Vifungu vimekufa lakini desturi imebaki, na mimi huona imeupindua uungwana wetu wenyewe, kwa kuwa sasa mgeni ndiye anayemkirimu mwenyeji ndani ya nyumba ya mwenyeji, na mwenyeji akishakula hawezi tena kumuuliza mgeni alichokijia.

Mzee wa Mkoani

Maalim mwenzangu, nimekusoma mara mbili. Uchungu wako ni wangu, ila picha yako ya zamani siikubali yote, na nadhani kijana wako pia hataikubali ukimpa hivyo.

Tangu 1964 hadi 1980 sheria za Zanzibar zilitungwa na Baraza la Mapinduzi. Hapakuwa na Baraza la Wawakilishi, hapakuwa na mtu wa jimbo ambaye ungemwendea kumuuliza mabati yako wapi. Mimi nilikuwa mtoto hapa Mkoani nikipanga foleni ya mchele wa mgao, na marehemu baba yangu alitukataza kulalamika hata ndani ya nyumba, kwa sababu kuta zilikuwa na masikio. Kiongozi wa wakati ule huenda hakujenga ghorofa, lakini hatukupata kujua kama ni kwa uadilifu wake au kwa kumwogopa aliye juu yake. Woga na uadilifu hufanana sana mtu akivitazama kwa mbali.

Yaliyokuwa mema nayataja bila ya kusitasita. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na bila ya siku ile mimi nisingejua kuandika ujumbe huu. Watu waligaiwa ardhi eka tatu tatu. Maghorofa ya Mtemani pale kwenu Wete yalijengwa wakae watu wa kawaida. Hata katika miaka hii yapo ya kushukuru: pencheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka sabini, awe alifanya kazi serikalini au alikuwa mkwezi wa minazi, na baadaye ikaongezwa. Hilo lilikuwa jambo la uungwana.

Ninaloliona mimi kuwa limeharibika zaidi kuliko mali ni neno. Viongozi wetu wamekuwa wakitia saini mbele ya dunia nzima na wino haujakauka. Muafaka wa kwanza, yaani mapatano ya CCM na CUF, ulikuwa mwaka 1999, na mengi ya yaliyoandikwa humo hayakutekelezwa. Baada ya mauaji ya Januari 2001, ambayo watu wa Pemba hatuhitaji kukumbushwa, ukaja muafaka wa pili, Oktoba ya mwaka ule ule. Halafu tarehe 5 Novemba 2009 wakakutana Rais Amani Karume na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila ya mpatanishi kutoka nje, na tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Nilikwenda kituoni alfajiri na nikarudi nikilia kwa furaha, mtu mzima wa umri wangu. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi ukafutwa matokeo yakiwa yanaendelea kutangazwa, na uliporudiwa Machi 2016 upande mmoja haukushiriki.

Mtoto aliyekua akiyaona haya atajifunza nini kuhusu ahadi? Kwamba ni maneno ya kuvukia mto, na ukishavuka huna haja nayo. Aliyekuahidi mabati, Maalim, amesoma skuli hiyo hiyo.

Kijana wa Chake

Shikamooni wazee wangu. Nina miaka ishirini na saba na nazungumza kwa upande wa yule kijana, kwa sababu naona wote mnamjadili na yeye hayupo.

Katika kampeni zilizopita nilikodiwa pamoja na wenzangu kuendesha pikipiki kwenye msafara wa mgombea kutoka Chake hadi Konde. Tulipewa mafuta ya lita mbili, fulana, na shilingi elfu tano. Wiki hiyo hiyo nikaendesha kwenye msafara wa mpinzani wake, kwa fulana ya rangi nyingine. Sikuona haya wakati ule. Niliona haya baadaye, siku mama aliponiuliza nimempigia kura nani na kwa sababu gani, nikagundua kwamba sina hata sababu moja ya kumpa.

Mzee wangu wa Wete, mwanao si mwenye tamaa. Yeye ametafuta kazi ambayo mtu asiyemjua mkubwa anaweza kupanda, akaona ni siasa tu, kwa kuwa nyingine zote zinataka uzoefu ambao hakuna anayekupa. Tunawaona Waheshimiwa wakimaliza muda wao wanapokea kiinua mgongo kwa miaka mitano, na tunawaona walimu wetu wakisubiri chao baada ya maisha mazima. Hatukufundishwa haya na mtu. Tumeyaona. Kwa hivyo ukimwambia tu kwamba uongozi ni amana, atakusikiliza kwa adabu na hataamini, kwa sababu hajapata kumwona mtu aliyeirudisha amana ikiwa kamili. Kama yupo unayemjua, awe sheha, awe mwenyekiti wa kamati ya skuli, mpeleke akazungumze naye.

Mkulima wa Mwani, Kiuyu

Maalim, mimi si msomi lakini nina la kusema kuhusu kanga.

Msimu uliopita tuliuza mwani mkavu kwa shilingi mia saba kwa kilo. Mwanamke anayeamka na maji kupwa, akasimama baharini hadi kiunoni kwa saa nne, akarudi kuanika, akileta kilo ishirini baada ya siku nyingi, huyo mkimpa kilo tano za mchele atazipokea, na msimwite mpungufu wa maadili. Asiyekuwa na njaa ndiye anayeweza kukataa. Lawama ya kutouliza naikubali, kwa sababu kuuliza hakuna gharama, lakini lawama ya kupokea naikataa kabisa.

Sisi hapa kwetu tulifanya hivi. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa yumo binti mmoja aliyefika kidato cha nne. Mgombea alipokuja tukapokea alichokileta, tukamwambia ahsante, kisha yule binti akafungua daftari la kikundi na kumwomba arudie ahadi zake polepole ili aziandike. Alitaja nne: pampu ya kisima, njia ya kuteremkia ufukweni, chanja za kuanikia, na mkunga wa kudumu kwenye kituo cha afya. Tukamwomba atie saini, na imamu wetu naye akatia yake kama shahidi. Yule bwana hakupenda, uso wake ulibadilika, lakini watu walikuwa wengi na hakuweza kukataa.

Alipopita baada ya mwaka na nusu tulimsomea daftari mbele ya sheha. Hatukumtukana. Tulisoma tu, na tarehe zake. Baada ya mwezi mmoja pampu ikaja, na njia ya ufukweni ilimwagwa kifusi. Chanja na mkunga mpaka leo hatujapata, na kwa mkunga nina hasira ambayo sitaiandika hapa, kwa kuwa mwaka huu tumezika. Daftari bado tunalo.

Bint Kikwajuni

Bi Mkulima wa Mwani, Mwenyezi Mungu awape subira kwa msiba huo.

Maalim, neno moja la kuongeza baada ya kumsoma yeye. Majimbo yetu yana mfuko wa maendeleo ya jimbo, na fedha zake si sadaka ya Mwakilishi, ni fedha za umma zinazopita mikononi mwake. Mara nyingi bati analolitoa kwa sherehe na picha limenunuliwa kwa fedha hizo, kisha sisi tunamshukuru kana kwamba limetoka mfukoni mwake. Andikeni barua ya kamati ya skuli, ikiwa na makadirio ya vifaa na gharama, mpeleke nakala kwa sheha na kwa mkuu wa wilaya, na muulize mfuko ulitumikaje katika miaka iliyopita. Barua yenye hesabu ni vigumu kuijibu kwa hotuba.

Mwalimu Mstaafu, Wete

Nawashukuru nyote, na zaidi yule kijana wa Chake, kwa sababu maneno yake ndiyo niliyoyafanyia kazi kwanza.

Mzee wa Mkoani, umenisahihisha na nimekubali. Niliposoma habari ya foleni ya mgao nilikumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nami sikupata kumuuliza kiongozi yeyote swali lolote. Mazoea ya kunyamaza niliyaleta kutoka huko, na ndiyo niliyokuwa nayo siku ile nilipokaa safu ya mbele.

Jumamosi iliyopita nilimchukua mwanangu nikaenda naye kwenye yale madarasa. Sikumpa mawaidha. Nilimwonyesha ukuta wa kusini, ambao mama yake alibeba mawe yake akiwa na mimba yake, jambo ambalo alikuwa halijui. Alinyamaza, akaenda kuazima futi ya fundi, akapima urefu na upana, na jioni akakaa na fundi huyo wakapiga hesabu ya mabati, mbao, misumari na ufundi. Mbao zilizobaki stoo zimeliwa na mchwa, kwa hivyo itabidi zinunuliwe upya. Kuta bado ni nzima isipokuwa pembe moja.

Juzi kamati ya skuli ilikutana, wazazi arubaini na watatu wakatia saini au dole gumba, na Bi Mkulima wa Mwani ajue kwamba tumenunua daftari. Bado mwanangu anataka kuingia katika siasa, na sikumzuia. Barua ameiandika yeye, kwa kuwa Kiswahili chake cha ofisini ni kizuri kuliko changu, na itapelekwa Jumatatu Inshaallah, na nakala zake kama Bint Kikwajuni alivyoelekeza. Alipofika kwenye jina la anayeandikiwa alisimamisha kalamu, akaniuliza aanze kwa Mheshimiwa au kwa Ndugu. Nilimwambia aandike Ndugu.